Yusuf bin Hasan, Mfalme wa Majina Mawili

Mwezi uliopita jamaa yangu mmoja aliye mwalimu aliniomba nifuatane na wanafunzi wake kwenda Ngomeni. Sisi watu wa Mji wa Kale hatusemi Ngome ya Yesu ila tukizungumza na mgeni. Kwetu ni Ngomeni tu, na bibi zetu waliposema fulani kapelekwa Ngomeni walikuwa na maana kuwa amefungwa, kwani tangu 1895 hata 1958 jengo lile lilikuwa jela ya Serikali. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 limo katika orodha ya urithi wa dunia. Watoto wenyewe walikuwa mchanganyiko kama ilivyo Mombasa yetu, Waislamu na Wakristo, na wawili watatu wa Kibaniani.

Nikawasimamisha langoni, chini ya lile jiwe lenye maandishi ya Kireno, nikawahadithia habari za Yusuf bin Hasan kama nilivyohadithiwa mimi na maalim wangu chuoni. Mtoto wa mfalme aliyeuliwa babake, akachukuliwa Goa akabatizwa, akarudi kwao mtu mzima, akamuua kapteni wa Kireno kwa mkono wake, akairudia dini ya wazee wake. Watoto walisikiza kwa hamu. Nilipokwisha, msichana mmoja mwenye kimsalaba shingoni akaniuliza juu ya wale Wakristo wengine waliokuwa mjini siku zile, ambao hawakuwa makapteni wala askari, yaliwapata yepi. Nikamwambia vita ni vita, kisha nikawapeleka kutazama mizinga.

Jibu lile halikunipendeza tangu lilipotoka kinywani mwangu. Ubaya wake ni kuwa yaliyowapata nayajua. Katika ujana wangu nilitunga utenzi mrefu wa kumsifu Yusuf, nikausoma hadharani, wazee wa mji wakanipa mkono mmoja mmoja. Na katika utenzi huo hamna ubeti hata mmoja wa watu wale. Basi leo, msomaji, naomba ruhusa niyasimulie maisha ya mfalme huyu upya, kwa insafu, nisimpunguzie haki yake wala nisiwafiche waliokufa kwa amri yake.

Ukoo wa Yusuf haukuwa wa Mombasa. Ulikuwa wa Malindi, na hapa yataka tuseme kweli ingawa ni chungu. Malindi ilikuwa rafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga huko mwaka 1498, na Mombasa ikawa adui yao. Mombasa ikachomwa moto 1505, ikatekwa tena na Nuno da Cunha miaka ya 1528 na 1529, ikapigwa tena 1589. Mji ulipokwisha nguvu, Wareno wakamchukua mfalme wa Malindi, Sheikh Ahmad, wakamkalisha katika kiti cha Mvita. Tarehe 11 Aprili 1593 wakaweka misingi ya ngome juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari, kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa mhandisi wao mkuu huko Bara Hindi. Wakaipa jina la Yesu. Kwetu sisi Nabii Isa, amani iwe juu yake, ni mtume mtukufu, na wazee wengine wa zamani walikuwa wakisema kuwa jina hilo lilionewa kwa kubandikwa juu ya mizinga.

Aliyerithi kiti ni Hasan bin Ahmad, babake Yusuf, na alichorithi ni kiti chenye bwana mwingine. Kapteni wa ngome alikuja kwa miaka michache tu, na aghalabu shabaha yake ilikuwa kurudi kwao na mali. Mfalme alikuwa na haki zake katika forodha na katika kodi ya Pemba, na haki hizo zilikuwa mbele ya macho ya kapteni kila siku. Ugomvi haukukosa kutokea. Mwishowe Hasan alisingiziwa uhaini, akakimbilia bara kwa watu ambao Wareno wakiwaita Muzungulo. Kapteni akatoa hongo, na mwaka 1614 Hasan akauawa na wale wale aliojistiri kwao. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Goa.

Na mwanawe naye akapelekwa Goa.

Yusuf alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Kila nifikapo hapa katika kisa hiki mimi husita kidogo. Mtoto wa miaka saba kwetu ndiye anayeanza kuamrishwa sala. Ndio umri wa kuanza kushikwa mkono alfajiri, kufundishwa kutia udhu asije akasahau visigino, kusimama nyuma ya babake na kumwiga. Umri huo Yusuf akakabidhiwa watawa wa Mtakatifu Agostino katika nyumba yao kubwa ya Goa. Wakambatiza, wakamwita Dom Jerónimo, na ndivyo aandikwavyo vitabuni, Dom Jerónimo Chingulia. Akafundishwa Kireno, na Misa, na adabu za mabwana wa Kireno. Alipokua akafundishwa na kazi ya mizinga, akasafiri katika majahazi yao ya vita. Akaoa huko huko Goa, mke Mkristo.

Sitaki msomaji adhani kuwa watawa wale walimtesa. Hapana dalili ya hivyo, na yamkini walimpenda kwa namna yao. Mtoto yatima mwenye akili hupendwa. Lakini yatima huyo alikuwa amefanywa yatima na serikali ile ile iliyomlea, na kichwa cha babake kilikuwa kimetangulia kuingia mji ule ule alimofundishwa kusali upya.

Tukumbuke pia dunia ya wakati ule. Tangu 1580 hata 1640 mfalme wa Ureno alikuwa ndiye mfalme wa Hispania. Kule Hispania walikuwako mamia ya maelfu ya watu wa asili ya Kiislamu, wazawa wa Andalus, ambao wazee wao walibatizwa kwa nguvu miaka mia moja nyuma. Watu hao waliishi maisha ya majina mawili: jina la Kikristo mbele ya padri, na jina la Kiislamu ndani ya nyumba. Mwaka 1504 mufti mmoja wa Oran, huko Maghribi, aliwaandikia fatwa ya kuwafariji, kwamba wakishurutishwa kuficha dini yao waifiche, wasali hata kwa ishara, na Mwenyezi Mungu ajua yaliyo moyoni. Mwaka 1609 Mfalme Felipe wa Tatu akaamuru wafukuzwe wote, na kazi hiyo ikamalizika 1614, mwaka ule ule alipouawa Hasan. Kwa hivyo Yusuf alikuwa ndugu wa watu wengi asiowajua. Tofauti ni kuwa wao walikuwa na fatwa, na walikuwa na wazee wa kuwanong'oneza usiku. Yusuf alikuwa peke yake kati ya watawa.

Mwaka 1626 Wareno wakamrudisha Mombasa kuwa mfalme. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Mpango ulionekana mzuri kwenye makaratasi ya Goa: mfalme mzalia, mwenye damu ya watawala wa pwani, lakini Mkristo, aliyelelewa na Kanisa, mwenye mke Mkristo. Mwaka uliofuata akaandika barua ya utii kwa Papa Urbano wa Nane huko Roma. Yaelekea waliomlea walisoma habari hiyo wakafurahi sana, wakaona mti walioupanda umezaa.

Hebu tuutazame mji aliourudia. Mbele ya Ngome, kandokando ya njia ambayo leo twaiita Ndia Kuu, ulikuwa mtaa wa Wareno, nao ukiitwa Gavana. Huko kulikuwa na nyumba zao, na nyumba ya watawa wa Mtakatifu Agostino, na kanisa. Walikaa humo askari na wake zao, ambao wengi walikuwa wanawake wa pwani hii. Wakakaa wafanya biashara, watumishi, watumwa, na watoto wa damu mbili. Mbele yake ulikuwa mji wetu na misikiti yake. Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kujengwa mwaka 1570, ulikuwako tayari. Kengele na adhana zilisikizana. Ukitoka Ngomeni kwa miguu kwenda Mandhry hutembei hata robo saa, nami nimeitembea njia hiyo maisha yangu yote.

Mfalme alikuwa katikati. Jumapili alionekana Misani. Waislamu wa mji walimtazama kama mtu aliyeritadi, na wasimulizi husema kuwa walimdharau kwa chakula alichokula na mambo ya Kireno aliyoyafuata. Upande wa pili makapteni nao hawakumheshimu. Mbele yao alikuwa Mkristo kamili wakati wa kutii, na mtu mweusi wakati wa kudai haki zake. Malalamiko yalikwenda Goa, na yalikwenda kama maji ya mvua katika mchanga. Kapteni wa miaka ile ya mwisho alikuwa Pedro Leitão de Gamboa, na ufidhuli wake juu ya mfalme umeandikwa hata na Wareno wenyewe.

Sasa laja jambo ambalo kwangu mimi ndilo moyo wa kisa hiki. Yusuf alikuwa akitoka usiku, kwa siri, akienda kwenye kaburi la babake, na huko akisali kwa sala yetu. Mtu mmoja akamwona, akamchongea kwa kapteni.

Nimelifikiri sana jambo hili la kaburi. Katika yote aliyoyafanya Yusuf, hili ndilo ambalo hapana wa kulitilia shaka nia yake. Barua kwa Papa ilikuwa na faida. Kiti cha ufalme kilikuwa na faida. Hata vita alivyovipigana baadaye vilikuwa na faida na kisasi ndani yake. Kaburini usiku hapakuwa na faida ila hatari. Mtu alinyang'anywa sala akiwa na miaka saba. Aliwezaje kuikumbuka baada ya miaka kumi na miwili ya Kilatini? Au alifundishwa tena na mzee mmoja wa mji, kwa siri, akiwa mfalme mzima mwenye ndevu? Rukuu ilikuwa sawasawa, kisomo kilitimia? Hayo ni ya mwenyewe na Mola wake. Waandishi wengine humwita mnafiki kwa ajili ya maisha yale ya mchana na usiku. Mimi nasema tuwe na haya. Tunalo jambo la Ammar bin Yasir, ambaye washirikina wa Makka walimtesa hata akatamka waliyoyataka, akaja kwa Mtume akilia, naye akamwuliza hali ya moyo wake. Kitabu chetu kimemtoa katika lawama yule aliyelazimishwa na hali moyo wake umetulia katika imani. Ikiwa mtu mzima chini ya mateso amesamehewa, mtoto wa miaka saba ana kosa gani?

Kapteni aliposikia habari ya kaburi alizificha, akawa anatafuta njia ya kumkamata mfalme na kumpeleka Goa. Huko Goa kulikuwa na Baraza la Kuhukumu Imani tangu 1560, na Mkristo aliyebainika kurudia dini nyingine alijua linalomngoja: kifungo, fedheha, na pengine moto. Yusuf akapata habari. Hakuwa na muda wa kufikiri sana.

Ilikuwa katikati ya Agosti 1631, siku za sikukuu ya Wakatoliki ya kupalizwa Bibi Mariamu. Kwetu ulikuwa mwezi wa Muharram mwaka 1041. Yusuf aliingia Ngomeni na watu wake kama mfalme aliyekuja kuamkia. Akamuua kapteni kwa mkono wake, na watu wake wakawamaliza walinzi, na ngome ile iliyojengwa isiingilike ikawa imeingiwa kwa mlango wake. Nyumba za Gavana zikatiwa moto. Yusuf akalivua jina la Jerónimo, akatangaza kuwa yeye ni Mwislamu na mwana wa Hasan.

Hapa ndipo utenzi wangu ulipoishia, kwa takbira. Lakini siku haikuishia hapo.

Wakristo wa mjini walikimbilia nyumba ya watawa wa Mtakatifu Agostino, wanaume kwa wanawake na watoto. Walikaa humo wamezingirwa. Kisha wakatolewa kwa mafungu, na kila fungu likapewa hiari ya namna moja: wasilimu waishi, au wakatae wafe. Wengi walikataa. Mapadri waliuawa, na Wareno waliuawa, na wanawake nao hawakuachwa. Alikuwako Dom António wa Malindi, binamu yake mfalme, damu moja, naye alikuwa Mkristo. Mfalme alitaka sana kumpata huyu, kwa sababu zilizo wazi. António angesilimu, ukoo mzima ungekuwa umerudi nyumbani. António akakataa, akauawa.

Waandishi wa Kanisa huwahesabu waliokufa siku zile kuwa karibu mia tatu, Wareno na Waafrika pamoja, na wengine walichukuliwa Arabuni wakauzwa. Mwaka 1632 kulifanywa baraza huko Goa, mashahidi wakaapishwa mmoja mmoja waeleze waliyoyaona, kwa nia ya kutaka waliouawa watangazwe watakatifu. Shauri hilo halikufika mwisho wake. Karatasi zake zilikaa kimya karne nyingi, hata mwanachuoni Freeman-Grenville akazichapisha 1980. Nimezisoma. Ni maneno ya upande mmoja, na waliosema walikuwa na ari ya kuwatukuza marehemu wao, kwa hivyo penye chumvi nimepunguza. Lakini hata ukipunguza, kinachobaki ni kizito.

Wanaonishughulisha mimi zaidi ni wale Waafrika. Hawa walikuwa watu wa pwani hii na bara yake, wake wa askari, wapishi, wachukuzi wa maji, wengine watumwa. Lugha yao ilikuwa lugha yetu. Hapana shaka wengi walibatizwa kwa sababu bwana wao alikuwa Mkristo, au mume, na hawakuulizwa sana. Siku zote walikwenda Misani kwa sababu nyumba yote ilikwenda. Mtu angeweza kusema, na mimi nilikuwa nikisema, kuwa huo haukuwa Ukristo ila kivuli cha Mreno.

Lakini tazama siku ile ilivyokuwa. Kapteni amekufa, na ngome imegeuka, na bwana ama ameuawa ama amefungwa mikono. Padri hana nguvu ya kumlazimisha mtu hata mmoja. Faida yote iko upande wa pili: ukitamka kalima unakwenda zako, na pengine unakuwa huru. Mpishi au mtumwa aliyesimama siku hiyo akasema atabaki alivyo, hakuwa tena kivuli cha mtu. Imani ile aliyoipata kwa kulazimishwa au kwa kufuata mkumbo, siku ile aliichukua kuwa yake mwenyewe, akailipia. Huenda hakujua Kilatini hata neno. Huenda alikuwa mzembe wa ibada miaka yote. Kitu gani kilikuwa kimejijenga ndani yake, katika sala zile za kila siku za jikoni na kisimani, hata kikamshinda woga wa kufa?

Sisemi kuwa dini zote ni moja. Mimi ni Mwislamu, nimelelewa juu ya Msahafu, na juu ya haki na batili katika itikadi sina shaka. Nasema juu ya uaminifu wa mja kwa ahadi aliyomwekea Mungu kwa kadiri alivyomjua. Nyumba ya Yasir ilikuwa na Ammar aliyetamka akasamehewa, na ilikuwa na mamake, Sumayya, aliyekataa akauawa kwa mkuki. Sisi hatumheshimu mmoja tukamtupa mwingine. Yusuf alikuwa na hali ya Ammar miaka kumi na saba, na nilimtetea hapo juu kwa nguvu zangu zote. Basi nitawakatalia nini wale waliofanya mbele ya upanga wa Yusuf mfano wa alivyofanya Sumayya mbele ya mkuki wa Abu Jahl?

Na sheria yetu iko wapi katika jambo hili? Kulazimishana katika dini tumekatazwa kwa maneno yasiyohitaji mufasiri. Wakristo ni watu wa Kitabu, wana haki ya dhima. Kumpiga kapteni na askari wake kulikuwa vita dhidi ya dhalimu aliyemuua baba mtu na kunyang'anya nchi, na mimi sitamlaumu Yusuf kwa hilo. Kumtoa mwanamke katika kanisa na kumtaka achague baina ya kalima na mauti, hilo Yusuf hakulisoma katika kitabu chetu. Alilisoma wapi? Mtu huyu malezi yake ya dini yalikatika akiwa na miaka saba. Elimu yake yote ya namna dini inavyoingia kwa watu aliipata Goa, na Goa ilimfundisha kuwa mwenye ngome ndiye mwenye kuchagua watu wasali vipi. Alilofanyiwa kwa maji akalifanya kwa upanga. Twaweza kumhurumia kwa hilo, nami namhurumia, lakini huruma haibadilishi hukumu.

Yaliyobaki ya maisha yake ni mafupi. Januari 1632 ukaja msafara wa vita kutoka Goa, mkuu wake Francisco de Moura, ukaizingira Mombasa, ukashindwa. Yusuf alipigana vizuri. Yale mafunzo ya mizinga aliyopewa na Wareno hayakupotea. Meli zikaondoka, lakini alijua zitarudi. Mwezi wa Mei akaibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapakia mizinga katika meli aliyoiteka, akaondoka Mombasa. Agosti mwaka huo huo Wareno wakaingia wakaukuta mji mtupu. Mfalme aliyeukomboa mji alikuwa ameushika miezi tisa.

Baada ya hapo akawa mtu wa baharini. Alikwenda Arabuni, akazunguka mpaka pwani ya Bukini, akiwasumbua Wareno kila alipoweza, na miji mingine ya pwani ikampa maji na chakula kwa siri. Akafa katika Bahari ya Sham kiasi cha mwaka 1638, ameuawa na maharamia, umri wake haujafika arubaini. Kafa kwa jina alilopewa na babake. Mombasa haikupata mfalme mwingine mpaka Wareno walipoondolewa na Waomani, Desemba 1698, baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu.

Lile jiwe la langoni, ambalo chini yake niliwasimamisha watoto, liliwekwa 1639 na kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeijenga upya ngome. Amejisifu humo kuwa alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba tu alipopewa ukapteni mwaka 1635, kuwa amewatia adabu watu wa pwani, amebomoa kuta za Pate na Siyu, na huko Pemba amewaua wakubwa wa mji. Yusuf ametajwa humo kama mfalme jabari aliyeasi, bila ya jina, si Yusuf wala Jerónimo. António hayumo kabisa, wala wale wa jikoni na kisimani. Kapteni aliandika alichokuwa na haja nacho, kama nilivyofanya mimi katika utenzi wangu.

Wiki iliyopita niliutoa utenzi huo sandukuni. Karatasi zimekuwa manjano na wino umekimbia pembeni, lakini wasomeka. Baada ya ubeti wa kuanguka kwa ngome nimeongeza beti saba, na mbili kati yake ni za António. Vina vimenisumbua, kwa kuwa jina lake haliingii vizuri katika mizani yetu. Nimelazimika kumwita Antoni. Nakala moja nimempa yule mwalimu ampelekee msichana. Jina lake sikumuuliza siku ile, lakini mwalimu anamjua kwa lile swali lake.